Mabega ya Bibi Marsela

Katika banda la video la Manyanda, pale Majengo mjini Mpanda, watu hawakucheka mpaka mabega ya Bibi Marsela yacheze. Alikaa mbele kabisa, juu ya kigoda alichokuja nacho mwenyewe, kwa sababu macho yalikuwa yameanza kuchoka na kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwambia asogee. Waliokaa nyuma waliona mgongo wake kabla ya kuona picha. Mabega yakitikisika, banda zima lilicheka. Yakitulia, ulisikia jenereta tu.

Manyanda alikuwa ameuza ng'ombe wa baba yake kule Kasansa ili anunue hilo jenereta, televisheni na deki. Onyesho la kwanza la Jumamosi mchana, Bibi Marsela aliingia bure. Baadhi ya watu walisubiri nje, chini ya upenu, mpaka atoke aseme. Akiisifu picha, mabenchi yalijaa. Akiiponda, Manyanda alizima jenereta akaenda kula.

Na alikuwa mwepesi wa kuponda. Picha za karate alisema ni za watu wasio na shamba. Wanavunja meza za wenzao na hakuna hata mmoja anayeulizwa amelima nini. Za Kihindi alizipenda kidogo, ila alitaka kujua nani anabaki jikoni wakati wote wako kwenye majani wanaimba. Mchekeshaji mmoja wa Dar es Salaam alijifanya ana njaa, naye Bibi Marsela akamwambia pale pale kwenye kioo kwamba mashavu yake yanamsaliti. Siku ya picha ya vita alitoka akatega kitendawili: bunduki yangu inalia tangu asubuhi, haijajazwa hata mara moja. Watu wakajibu kwa pamoja kwamba hiyo ni ya stelingi, yule shujaa wa picha, wakaenda zao nyumbani.

Ndipo Yotham akarudi kutoka Tabora na mkanda wake mwenyewe.

Yotham alikuwa mtoto wa Josephina, binti wa Bibi Marsela, na ndiye mjukuu pekee wa kiume. Tajiri mmoja wa Tabora alikuwa amemrekodi akichekesha, na alikuwa amesema hivi: watu wa Mpanda wakiupenda mkanda, atarekodi mwingine. Wasipoupenda, Yotham aende Ugalla kwa mjomba wake akalime tumbaku. Yotham aliyaeleza haya asubuhi, amechuchumaa mlangoni, huku bibi yake akichambua mchicha.

"Mke wangu," alisema, maana ndivyo mjukuu amwitavyo bibi yake, "leo ucheke. Hata kidogo."

"Mume wangu, mabega hayo siyatumi mimi. Yanakwenda yenyewe."

Kulikuwa na jambo jingine kati yao, nalo hawakuligusa. Mwaka uliopita babu yake, mume wa Bibi Marsela, alipofariki, mvua ilikuwa imefunika reli na treni haikuja. Kwao, mjukuu ni mtani wa babu. Siku ya mazishi yeye ndiye huvaa koti la marehemu, akatembea kama yeye na kugomba kama yeye, mpaka wafiwa wacheke katikati ya kilio. Babu alizikwa bila kuigizwa. Yotham alipofika, matanga yalishaanuliwa. Aliomba koti tu, akapewa, akarudi nalo Tabora.

Mchana onyesho likaanza. Yotham alisimama mlangoni, kucha mdomoni. Katika mkanda alikuwa askari, kisha mlevi, kisha mzungu aliyepotea njia, na wote watatu walizungumza kama vijana wa Dar es Salaam. Alianguka mara nyingi. Mabega ya Bibi Marsela hayakucheza. Nyuma yake mtu mmoja alianza kucheka, akaona yuko peke yake, akakohoa.

Kisha koti likaingia.

Yotham wa kwenye kioo alikaa, akawasha redio, akaanza kubishana na mtangazaji. Aliuliza swali, halafu akanyamaza kwa adabu ili ajibiwe. Mtangazaji aliposoma habari nyingine, alisikitika kwamba vijana wa siku hizi hawawajibu wakubwa. Akatafuta kiko chake kila mahali, kikiwa mdomoni.

Mabega ya Bibi Marsela yakaanza kutikisika. Banda likalipuka. Watu walipiga mabenchi, mwingine akatoka nje apumue. Mabega yaliendelea, na wao wakaendelea. Hakuna aliyeuona uso wake ila televisheni. Mkanda ulipokwisha, alijifuta macho kwa ncha ya kanga, akachukua kigoda, akatoka.

Upenuni walikuwa wanamngoja.

"Kitendawili."

"Tega."

"Nyumba yangu ina vyumba viwili. Kimoja kina kelele na hakina mtu. Kingine kina mtu mmoja na kimejaa."

Walijaribu redio, walijaribu kanisa, wakashindwa. Akaomba mji. Wakampa Tabora.

"Tabora nimekwenda, nikaukuta mkanda wa mjukuu wangu. Chumba cha kwanza ni upuuzi, msiingie. Cha pili mtu yumo. Ngojeni koti."

Wakafanya kama alivyosema. Onyesho la pili likaanza, Manyanda akinung'unika kwamba anaunguza dizeli kwa ajili ya mabenchi, na watu wakabaki nje wakipiga soga. Yotham alisikia sauti yake mwenyewe ikianguka na kuinuka katika banda tupu. Alikuwa ameinamisha kichwa. Bibi Marsela alichungulia mlangoni, akainua mkono, nao wakasukumana kuingia. Muda si muda kicheko kikatoka ndani, kikubwa, bila mabega ya mtu yeyote mbele yao.

"Umeniponda, mke wangu," Yotham alisema.

"Nusu."

Manyanda alipita akasema Jumapili ataonyesha tena, ila ataanzia kwenye koti. Yotham akamwangalia, kisha akamwangalia bibi yake.

"Yule mzungu ulimwona wapi?" bibi aliuliza.

"Kwenye mikanda."

"Na huyu wa redio?"

Ndani walikuwa wamefika kwenye kiko.

"Tajiri wako akirekodi tena, waache hao askari. Na kuna mahali umekosea. Babu yako alikuwa anakohoa kabla ya kucheka. Wewe umekohoa baadaye."

Yotham akakohoa, akacheka.

"Kikohozi kirefu zaidi. Kianzie chini."

Akakohoa tena, na safari hii Bibi Marsela akageuka haraka kutazama nyuma yake, kana kwamba mzee amerudi.