Mbegu Huondoka Kwanza

Kaswera alikuwa amesoma vita hadi vikamfuata usingizini. Mwaka wa mwisho wa masta ya usalama wa kimataifa, tasnifu ya kurasa mia moja arobaini, ramani za rangi, ripoti za wataalamu wa ng'ambo ambao Goma waliiona kupitia kioo cha gari. Jumatatu profesa Adalbert akamrudishia rundo zima kwa vidole viwili, kama anayerudisha samaki aliyeoza.

“Ripoti zako zote zinafikaka nyuma ya vita,” akasema. “Miye nataka mutu mwenye alijua mbele. Umulete kwenye mémoire, hii tasnifu yako, mbele ya kuitetea Ijumaa. Bila ile, utarudilia mwaka.”

Kurudia mwaka! Mama yake, Mama Émérance, mjane, alimsomesha kwa kuuza maharage, na mwaka mwingine hangeuweza.

Kaswera alifika nyumbani, mtaa wa Majengo hapo Goma, na hasira na njaa, na njaa ndiyo iliyoshinda. Chini ya kitanda cha mama zilipangwa bidoni, madumu ya plastiki, za maharage, kila moja imefungwa kitambaa cha rangi yake, na maharage yenyewe yamechanganywa na majivu. Msomi wetu hakujiuliza majivu yanatafuta nini mle. Akaosha, akabandika chungu.

Mama aliporudi kutoka mazoezi ya kwaya alinusa, akaona kitambaa chekundu sakafuni, akashika kichwa.

“Kaswera! Umepika mbegu ya Mama Clotilde wa Bunagana!”

“Mbegu? Anaiweka huku kwa nini?”

“Kila mama analalisha mbegu kwa mwenzake wa mbali. Vita ikimufikia, atakimbia mikono mitupu, lakini mbegu yake iko. Siku akirudi, atalima.”

“Na anajuaje siku ya kuileta?”

“Si anaangalia mashamba? Akiona watu wanavuna maharagi ingali mabichi, anajua. Mutu mwenye anahofia kesho hangojake ikauke.” Mama alisema hivyo kama anayeeleza namna ya kusonga ugali.

Kaswera alisahau chungu. Akavuta ripoti zake, akapiga magoti mbele ya kitanda.

“Clotilde alileta lini?”

Mama hakushika tarehe, alishika sikukuu. “Jumapili ya Matawi.”

Kaswera akahesabu. Bunagana ilianguka wiki tisa baadaye.

“Hii ya kijani?”

“Ya Mama Alliance wa Kiwanja. Ilifika wiki moja nyuma ya Asomsio, Bikira Maria kupalizwa mbinguni.”

Wiki kumi.

“Hii ya njano?”

“Ya Masisi. Siku ya Watakatifu Wote.”

Wiki tisa. Ripoti zake ziliandikwa risasi zikiwa zimeshalia, na hapa wanawake ambao hata hawakufahamiana walikuwa wametabiri vita kwa vitambaa, tena chini ya kitanda alichozaliwa juu yake. Miaka miwili alikuwa akitafuta elimu hiyo kwenye vitabu vya watu, naye akila sahani moja na mwenye kuijua. Alimtazama mama yake, kanga kiunoni, masizi kidoleni, akamwogopa kidogo, jinsi mtu anavyoogopa jambo kubwa.

“Mama, umeniokoa,” akasema. “Ngoja nimurudishie Clotilde kwa mbegu yetu.”

“Acha hiyo,” mama akasema upesi.

Lakini mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye bidoni ya mwisho, ya kitambaa cha bluu, yao wenyewe. Iliinuka nyepesi mno. Akaifungua. Hamkuwa na hata punje.

Mama aliinamia moto, akakoroga chungu ambacho hakikuhitaji kukorogwa.

“Yetu iko Bukavu, ngambo ya ziwa, kwa mama mudogo wako Valérie. Niliituma na boti siku ya Kristu Mfalme.”

Kaswera akahesabu kwa vidole, akaishia kwenye kidole cha nane. Bidoni ikamponyoka.

“Wiki nane, Mama! Ulijua wiki nane zote? Sasa sisi tunangoja nini hapa?”

“Tunangoja weye,” mama akasema. “Umalize masomo.”

Akapakua maharage ya Bunagana, akamwekea sahani juu ya ripoti.

“Kula. Mbegu ikishapikwa ni chakula. Halafu uandike vizuri, sababu Jumamosi asubuhi tunapanda boti.”