Kuku Ndani ya Shali

Nianze kwa heshima zote kwa Matron wetu, Mama Nanzala, aliyelilinda bweni letu hapa Kiplombe kwa miaka ishirini na mitatu, na ambaye muhula uliopita alianika godoro langu mbele ya wavulana sitini, akatangaza kwa sauti ya kanisani sababu ya kulianika. Nilimsamehe papo hapo, kwa mdomo.

Wiki yake ya mwisho kabla ya kustaafu alinijia na kanda ya video iliyofungwa kwa taulo. Mimi ni kapteni wa klabu ya filamu, na deki pekee ya kanda iliyobaki shuleni iko kwenye stoo ya jiografia, nyuma ya ramani.

“Kipyego, wewe unaijua hiyo mashine,” alisema. “Jumamosi muonyeshe hii kwa bwalo, mnione nikiwa msichana.”

Ilikuwa sehemu moja ya mchezo wa polisi wa mwaka wa themanini na saba. Yeye aliigiza mwanamke aliyeibiwa mtoto, akili ikaanza kumruka. Kila asubuhi anakwenda kituoni, na kila asubuhi sajini, bila kuinua macho kwenye chai yake, anamwambia, “Rudi kesho, Mama.” Mwishowe Inspekta anampata mtoto na kumweka mikononi mwake.

“Huyo mtoto wa mwisho ni wangu,” Matron alisema. “Wa kuzaa. Isaiah. Walikuwa wanatafuta mtoto wa kuigiza, nikawaambia si niko na wangu? Surua ilimchukua kabla atimize mwaka. Picha ingine yake sina. Ni hapo tu, dakika tatu. Unaweza kuniwekea kwa flash, niende na yeye nyumbani Soy?”

“Bila shaka, Mama,” nilisema, nikiinamisha kichwa kama shemasi.

Siku mbili baadaye msaidizi wangu, Mulongo, aliniambia amehamisha kila kitu kwenye flash yake. Kwa hiyo dhamiri yangu ilikuwa safi nilipoanza kazi ya kuurekodi upya ule mwisho.

Kanda hizo zina kipande kidogo cha plastiki ubavuni. Kikivunjwa, deki inakataa kurekodi juu yake. Mtu fulani alikuwa amekivunja zamani ili kumlinda Isaiah. Dawa yake ni selotepu: unaziba tundu, deki inadanganyika. Felix wa klabu yetu alivaa kofia ya mlinzi wa lango na masharubu ya makaa, akawa Inspekta. Mimi nilijifunga leso ya Matron, niliyoitoa kwenye kamba ya nguo. Mtoto tulimwazima jikoni, kuku mwekundu mwenye hasira, tukamfunga shali. Tulipomaliza tuliiacha deki irekodi mpaka mwisho wa kanda. Kuku aliliwa na walimu jioni ile.

Jumamosi baada ya chakula cha mchana bwalo lilijaa. Matron aliketi mbele na gauni lake la kanisani.

“Matron, kumbe ulikuwa mrembo!” mtu akapaza sauti.

“Nilikuwa? Ngoja nikupate bwenini.”

Sajini akasema rudi kesho, mwanamke akarudi kesho. Halafu mlango wa kituo ukafunguka, akatokea Felix, akanikabidhi kuku. Kuku akanidonoa pua. Bwalo lilipasuka kwa kicheko. Matron naye alicheka kidogo, akapangusa macho, akakaa wima kungoja. Kioo kikabaki buluu.

“Haya, endelea,” alisema.

“Hapo ndio mwisho, Mama.”

“Hapana. Bado hajaletwa. Rudisha nyuma.”

Nilirudisha. Kuku akaletwa. Matron akasimama, akaenda mpaka karibu na kioo.

“Tena.”

Mara ya tatu walicheka wa kidato cha kwanza peke yao.

“Usijali, Mama,” nikasema kwa mamlaka ya cheo changu. “Tuko naye kwa flash.”

Nilimvuta Mulongo nje. “Leta flash.”

“Sasa iko na mechi za mpira.”

“Si ulisema umehamisha?”

“Nilihamisha! Halafu nafasi ikaisha, nikafuta kitu kimoja. Wewe mwenyewe ulisema ni kasinema ka zamani, buda.”

Nilirudi ndani nikamtangazia Matron kwamba flash imesahaulika nyumbani kwa kina Mulongo, huko Cheptiret, na italetwa. Alinishukuru. Jumapili alibisha mlango wa stoo. Jumatatu alibisha. Jumanne alihama na masanduku yake, nami nikashukuru Mungu.

Alhamisi akarudi, kutoka Soy, na vumbi hadi magotini. Mkononi alishika lile taulo, limekunjwa vizuri. Nilifungua mlango nusu.

“Amepatikana?” aliuliza.

Nyuma yangu Mulongo alikuwa ameketi mezani na kikombe cha chai. Nilifungua kinywa nimwambie ukweli; naapa hilo ndilo nililokusudia.

“Rudi kesho, Mama,” nikasema.

Mulongo alinyunyiza chai juu ya ramani ya Afrika, akaanguka kwa kicheko. Nami nikacheka, sikuweza kujizuia. Matron alitutazama mmoja mmoja, akahamisha taulo mkono wa pili.

“Haya,” alisema. “Kesho saa ngapi?”

Nilitazama saa yangu kwa makini sana, nikamwambia saa nne.