Ndala Mlangoni pa Bega la Dada

Niliota usiku wa jana nabisha hodi begani kwa dada yangu Kokugonza, pale alipochomwa chanjo ya korona mwaka juzi.

Dada ni nesi wa wodi ya wanaokohoa. Ndiye anayewachanja wenzake. Zamu yake ya kuongezewa dozi ikifika, husema, "Leo waanze wengine, mimi kesho."

"Karibu, lakini vua ndala," sauti ikajibu toka ndani ya bega. "Tumepiga deki."

Nikazivua, nikazipanga mlangoni, nikaingia.

Ndani kuna ukumbi mrefu wa mabenchi matupu. Askari wa kinga wamebaki watatu, wafupi kama mwiko. Kila mmoja ameinua mikono yote miwili, kama mtoto anayetaka kubebwa.

"Mbona mikono juu?"

"Ndivyo tulivyoumbwa. Adui akiingia tunamkumbatia mpaka ashindwe kutembea."

"Na wenzenu?"

"Walizeeka, dada. Zamani tulijaa mpaka kwenye kiwiko. Hawakugombana na mtu, walichoka tu."

Mwenzake akapiga miayo, mikono iko juu vilevile.

Nageuka, ukumbi umekuwa jiko, na jiko liko ndani ya mfupa. Bibi mmoja anakoroga sufuria tupu.

"Mimi ndiye mpishi wa hawa," akasema. "Nikimwona adui, nawapakua kwa upawa mpaka bega linaniuma. Sura yake naikumbuka. Ana miiba kama fenesi. Au nanasi?"

"Fenesi, bibi."

"Unaona? Nataka sindano inionyeshe tena sura yake, mara moja tu. Mwambie dada yako."

Mara hodi ikapigwa. Fenesi amesimama mlangoni, mpole, ana kimkoba.

"Natokea kitanda cha dirishani, wodini kwa dada yako. Wenyewe wapo?"

Askari watatu wananitazama mimi. Namjibu kama anavyojibiwa mgeni asiyetakiwa.

"Wenyewe hawapo."

"Basi nitapita kesho," akasema, akaenda zake.

"Kesho hatutamweza," askari mdogo akaninong'oneza.

Nikawafunga wote watatu mgongoni kwa kanga, nikawabembeleza mpaka wakalala. Mikono bado juu.

Kulipokucha, dada alikuwa amekaa kitandani kwake akichungulia bega.

"Hee! Kunguni gani hawa? Vialama viwili, vimepangana kama viatu mlangoni."

"Dada, leo waanze na wewe. Nakuomba."

"Umeanza, we mtoto!" Akacheka. Aliponiona sicheki, akaushusha mkono wa gauni lake polepole, kama anayemfunika mtoto aliyelala. "Haya, mdogo wangu. Leo wataanza na mimi."

Nikashusha miguu nivae ndala.

Hazikuwepo.