Moja kwa Moja Hadi Kanisani

Ornella Scarpa alikuwa na vyumba viwili vya wageni mtaani kwetu, Venisi, miaka ile kabla ya kuwekwa milango ya kuzuia bahari. Asubuhi hiyo ya Novemba aliwapa kahawa Arvid na Solveig, wazee kutoka Norwe, pamoja na ushauri aliompa kila mgeni: wasile penye picha za vyakula mlangoni, wasikae kwenye ngazi za madaraja, waende sokoni mapema kabla samaki wazuri hawajaisha. Solveig, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia, akauliza njia ya kwenda misani.

“Moja kwa moja, mama,” Ornella akamjibu. “Mbele tu. Huwezi kupotea.”

Ndivyo tunavyoelekeza huku. Njia ikipinda bado tunaiita nyoofu, maana miguu yetu inaijua. Ili kufika kanisani lazima ukate kushoto kabla kichochoro hakijaingia chini ya nyumba ya akina Dolfin. Ornella hakuitaja kona hiyo. Kwake haikuwa kona.

Ving'ora vya maji makuu, bahari inapofurika hadi mitaani, vilikuwa vimelia alfajiri, vikitabiri maji ya adhuhuri. Lakini upepo wa kusini uliyaleta mapema. Wageni walikuwa wametoka tu Ornella alipoyaona yakichemka kimyakimya kutoka kwenye mitaro. Akaanza kuziba mlango kwa ubao. Jirani yake Bepi, aliyekuwa akifunga upya mashua yake, akamtania kwamba bata wake wa kaskazini wameshaanza kuogelea. Bepi alikuwa amewaona wakipita, bibi mbele na mwavuli, mzee nyuma.

“Wameingia kwa Dolfin,” alisema. “Wana shughuli gani kule?”

Ubao ukamtoka Ornella mikononi.

Kile kichochoro cha chini ya nyumba ni cheusi hata mchana, na mwisho wake hakuna mlango wala kizuizi, ni ngazi za kushushia mizigo, kisha mfereji wenye kina wa kupitia mashua. Siku ya kawaida mtu huziona ngazi. Siku ile maji yalikuwa yamelala juu ya mawe na juu ya mfereji kwa usawa mmoja.

Akakimbia na viatu vya ndani, maji yakimfika magotini, akimwomba Mama wa Mungu awashike wale wazee mpaka afike. Gizani alimkuta Arvid amesimama, mkoba wake kifuani.

“Mkeo yuko wapi, baba?”

“Alikuwa mbele yangu,” mzee akasema. “Hapa. Alikuwa hapa hapa.”

Akanyanyua mguu.

“Usisogee!”

Ornella akapapasa kwa mguu hadi ukingo wa jiwe, akapiga magoti. Koti la Solveig lilikuwa limenasa kwenye nguzo ya kufungia mashua, uso wake juu kidogo ya maji. Akamshika mkono. Vidole vikamjibu. Akavuta, lakini koti lilikuwa limejaa maji, zito kama mtu wa pili.

Akamwita Bepi. Injini ya mashua ikawaka mahali fulani, mlio wake ukigonga kuta zote, hata asijue unatoka upande gani. Vidole vya bibi vikaanza kulegea. Ornella akavikamata upya kwa mikono yote miwili, akaendelea kuomba.