Nishani ya Baba Kwenye Beseni

Kiwanda kilitoa dhahabu kwenye mabaki ya bodi za simu na kompyuta kwa kutumia asidi kali, na pipa la asidi hiyo ndilo lililomla kifua baba wa mkemia wa kiwanda hicho. Alivuta moshi wake miaka nenda miaka rudi, na siku ya kustaafu mkurugenzi akamvisha nishani. "Dhahabu tupu, mzee wetu!" Watu wakapiga makofi. Mapafu mapya, kwa bahati mbaya, hayakuwa kwenye bajeti.

Sasa penye pipa lile alisimama kaka wa mkemia huyo, naye kikohozi kilishaanza kumnyemelea. Ndiyo maana dada mtu, yule mkemia, alijifungia maabara mpaka akapata dawa yake: asidi ya limau na unga fulani unaochanganywa kwenye chakula cha kuku. Ikipashwa moto, iliila shaba taratibu na kuiacha dhahabu, bila moshi wa kumkaba mtu. Wageni wenye mtaji waliotarajiwa kuja kuikagua wakiikubali, pipa linafungwa. Wakiikataa, kaka anabaki palepale.

Mkurugenzi, aliyekuwa akiiita dawa hiyo "juisi," siku ya wageni aliamka akiwa ameigundua yeye. "Teknolojia yetu," alisema, kifua mbele. Baba alikuwa amekalishwa mstari wa kwanza na nishani yake, kama pambo la meza.

"Tutajuaje haigusi dhahabu?" akauliza mgeni mmoja, mama wa makamo.

Mkemia alitaka kueleza vipimo vyake, mkurugenzi akamkata kauli. "Maneno ya nini? Mzee, tumbukiza hiyo nishani!"

"Baba, si lazima," mkemia alisema.

"Si umesema dhahabu haiguswi?" baba akauliza.

"Haiguswi."

"Basi wasiwasi wa nini, mwanangu?"

Akaivua, akaifuta kwa kitambaa alichoisugulia kila wiki tangu astaafu, akaitia kwenye beseni la moto. Wakaenda kula. Mkurugenzi alihutubia kuhusu afya za wafanyakazi, jambo ambalo inaonekana lilikuwa likimnyima usingizi.

Waliporudi, dawa ilikuwa imegeuka kijani. Juu yake vilielea vipande vya dhahabu vyembamba kama maganda ya kitunguu. Chini kililala kisahani cha shaba nyekundu, kingo zimeliwa, jina la baba limebaki nusu.

Mkurugenzi ndiye aliyewahi kusema. "Kumbe hii dawa bado ina kasoro. Tutarudi kwenye asidi kwa muda, tuichunguze."

Mkemia alipandwa na hasira. Neno moja tu lingeiokoa dawa yake, lakini neno hilo angelisema mbele ya baba, aliyekuwa akiitazama nishani yake bila kupepesa.

"Haina kasoro," baba akasema. Alikohoa kwanza, wakamsubiri. "Imeacha dhahabu, imekula shaba. Si ndivyo ulivyosema, mwanangu?"

"Ndivyo, baba."

Yule mama akalitazama beseni, kisha akamtazama mkurugenzi. "Nimeridhika," alisema. "Hilo pipa lifungwe leo."

Mkurugenzi, jasho likimchuruzika, akamshika mzee bega. "Usijali, mzee wetu. Tutakupa nyingine, ya dhahabu kweli."

"Ilete," baba akamjibu. "Beseni bado lina moto."