Unywele Uliobaki Mkavu

Watu wa mji wa Tralle walimpachika Yoezeri, mkuu wa sinagogi lao, jina la Bwana Rudi Majini. Pale kwenye birika la kujitakasia, ukizama ukaacha unywele mmoja tu juu ya maji, hukutakasika. Mzee alikurudisha hata kama baridi inakata masikio. Ndiyo sheria, naye kwa sheria hakuwa na masihara.

Sasa mtu huyohuyo, hebu sikia, asubuhi moja alikwenda mtoni akabatizwa kwa jina la Yesu. Na aliyembatiza ni nani? Hermia mfinyanzi, Myunani ambaye hadi juzi alikuwa anauza visanamu vya miungu! Kilikuwa kiangazi, maji hayakupita magoti. Hermia akampigisha mzee wa watu magoti, akamwinamisha uso majini, akamwinua. Kisogo kikabaki kikavu. Yoezeri alijipapasa, akafungua kinywa aseme warudie, lakini furaha ilikuwa imemjaa mpaka kooni, akaishia kucheka peke yake.

Mji mdogo hauna siri. Kabla nguo hazijamkauka, mzee Menahemu na wenzake wawili wa sinagogi walikuwa wameshaketi sebuleni kwake, wamenuna. Menahemu hakuzunguka: kama habari ni kweli, ukuu wa sinagogi basi, na hakuna Myahudi atakayekula naye tena. Berenike, mkewe, alikuwa jikoni analia. Alimpenda mbishi wake huyo, na kwa akili alimpita. Akafuta machozi, akatoka, akampitishia mkono kisogoni.

"Baba Natani," akasema, "mbona huku pakavu?"

Menahemu akaja kupapasa mwenyewe, uso ukamchanua. "Pakavu kweli! Basi kwa sheria yako mwenyewe, Yoezeri, hukubatizwa. Umeoga tu."

Wazee wakacheka, roho zikawatulia. Yameisha! Yoezeri hakutakiwa kusema hata neno, anyamaze tu, na kila kitu chake kibaki chake. Berenike alimkazia macho, akimsihi anyamaze.

Yoezeri alimwonea mkewe huruma mpaka moyo ukamuuma. Lakini aliwakumbuka watu aliowarudisha birikani kwa miaka thelathini, wengine wagonjwa, wengine wanatetemeka, akaona haya.

"Nimebatizwa," akasema. "Na wote niliowarudisha majini, wanisamehe."

Wazee wakaondoka bila kuaga. Berenike akaangua kilio, akamwita mpumbavu, akamuuliza kama huyo Masihi wake anajua kupika, kwa maana yeye kuanzia leo hapiki. Yoezeri alikwenda jikoni, akahangaika na moto mpaka moshi ukajaa nyumba nzima, akarudi na bakuli la dengu zilizoungua, akaliweka mezani.

Berenike akachukua mkate.

"Sogea huko," akasema. Akaketi kando yake, akachovya mkate kwenye bakuli lilelile, akala.