Mwana wa Kushoto

Mimi mtu wa kusikiliza muziki huku anakaanga samaki simwelewi. Anawasha wimbo, anajibu simu, anagombana na jirani, halafu anakuambia anaupenda. Huyo hapendi muziki, anaogopa kimya tu. Ndiyo maana nilipowapata wale wa kwa Hemedy sikubanduka.

Hemedy ana kibanda nyuma ya stendi ya Kibiti, anaingiza nyimbo kwenye flashi na memori kadi, na ana deki ya zamani ya kaseti ambayo bado inafanya kazi. Kila Jumamosi baada ya alasiri tunakaa kwake wanne. Kila mtu anasema siku hizo anasikiliza albamu gani na kwa nini, kisha mmoja, kwa zamu, albamu yake inapigwa kutoka mwanzo mpaka mwisho. Hakuna kuruka wimbo. Sheria hiyo niliiweka mimi, kwa sababu ya Mwanabaraka muuza kanga, ambaye akisikia sauti ya mwimbaji asiyempenda anataka tuipite kama mtu anayepita kwa anayemdai.

Hapo ndipo nilipompata Ashrafu. Ni fundi pikipiki, kucha zake haziishi grisi. Siku ya kwanza alileta albamu ya dansi ya bendi moja iliyokwishavunjika. Tulipomuuliza kwa nini, alisema anaipenda kwa sababu ya mpiga gitaa la pili, mtu asiye na haraka. Mimi nashona nguo, najua thamani ya mtu asiye na haraka. Nilimtazama vizuri. Mwaka haukwisha akatuma mshenga kwa mama, mahari ikakubaliwa, na nikaha ikapangwa Ijumaa. Gauni nililishona mwenyewe, na nasema bila haya kwamba sijapata kushona kitu kizuri kama kile.

Jumamosi ya mwisho kabla ya Ijumaa hiyo, zamu ilikuwa ya Ashrafu. Mwanabaraka alitangulia kutueleza albamu yake, taarabu ya kale aliyorudi kuisikiliza kwa sababu marehemu mumewe alikuwa akiichukia, na sasa akiiwasha anamsikia akilalamika chumbani. Tulicheka, naye akacheka huku akijifuta macho. Hemedy alisema yeye wiki nzima anasikiliza dufu, kwa kuwa mashine yake ya kuingizia nyimbo imeharibika na dufu ndilo pekee lililobaki ndani. Mimi nilisema siwezi kusikiliza chochote, nimejaa harusi. Wakanizomea.

Ashrafu akatoa kaseti mfukoni. Ilikuwa imefungwa kwenye kitambaa. Alitueleza kwamba mama yake, aliyefariki yeye akiwa mdogo wa kutomkumbuka hata sura, alikuwa akiimba katika kikundi cha wanawake huko visiwani, delta, mume wake alikokuwa akikata mikoko. Kikundi kilirekodiwa mara moja tu, harusini. Shangazi yake ameitunza kaseti miaka yote, na ameitoa sasa kwa sababu Ashrafu anaoa. Hemedy alikuwa amemwazima redio ya kaseti wiki nzima.

"Nasikiliza wimbo wa kwanza tu," alisema. "Ukiisha naurudisha. Sijafika wa pili. Nilitaka kuufikia nikiwa na nyinyi."

Sijui kama nimewahi kumpenda mtu kama nilivyompenda dakika ile. Hemedy akaitumbukiza kaseti kwenye deki.

Wimbo wa kwanza ulikuwa wa kumsifu bibi harusi. Sauti ya mama yake ilikuwa nzito kidogo, yenye mkwaruzo mwishoni mwa kila mstari, na wanawake wenzake walimwitikia kwa makofi. Ashrafu alikuwa akiimba naye polepole, midomo tu. Ukaisha. Hakuurudisha. Tukasikia kikohozi, mtoto akilia mbali, kisha yule mama akaanza peke yake, bila makofi:

Maji yalitukusanya, shuleni tukajibanza,
Ziwa la kulia langu, Ashrafu nikamtunza,
La kushoto kwa Nasra, wa Twalha akaanza,
Wa kulia yupo kwangu, wa kushoto yuko wapi?

Mwanabaraka alicheka, akanipiga begani, akasema hata marehemu mkwe alishaniota. Mimi pia nilitabasamu. Nasra ni mimi na Twalha ni baba yangu, ila akina Nasra ni wengi, na akina Twalha ni wengi vilevile. Lakini wimbo haukusimama. Beti la pili likaitaja Mkongo, kijiji nilikozaliwa. Likaitaja elinino, yale mafuriko ambayo kwetu kila mtu anayahesabia umri wake. La tatu likamtaja mama yangu kwa jina, Sihaba, kwamba amevushwa kupelekwa hospitali hajitambui, na bibi mzaa baba amebaki na kichanga kinacholia mpaka sauti imekauka. Kila beti lilipoisha, wanawake waliitikia: wa kushoto yuko wapi, wa kushoto yuko wapi.

Hemedy alizima deki. Hakuna aliyeuliza maana yake, kwa kuwa watu wa kwetu hawahitaji kuelezwa. Walionyonya ziwa moja ni ndugu. Hawaoani, hata kama mmoja katoka Mkongo na mwingine katoka baharini, hata kama gauni limekwishashonwa.

Ashrafu ndiye aliyesema kwanza. Hakunitazama.

"Kaseti ipo moja tu," alimwambia Hemedy. "Ichane. Shangazi hasikii vizuri, hajui kilichomo. Tuko wanne hapa."

Mwanabaraka alikuwa ameweka kiganja mdomoni. Hemedy aliitoa kaseti akaishika mkononi, akanigeukia mimi, kana kwamba mimi ndiye mwenye duka.

Nilitaka kusema ndiyo. Nalisema waziwazi ili mtu asinidhanie utakatifu nisio nao. Nilitaka ichanwe, ule utepe uvutwe wote utupwe chooni, na Ijumaa nivae gauni langu. Kilichonizuia si dini peke yake. Nilishtushwa na Ashrafu. Wiki nzima mtu huyu amerudisha wimbo mmoja mara zisizohesabika kwa sababu ndiyo sauti pekee ya mama yake duniani, na sasa yuko tayari kuiua kwa ajili yangu. Na yule mama alikuwa akiniuliza mimi. Alikuwa akiuliza niko wapi.

"Nipe," nilimwambia Hemedy, nikaitia kwenye mkoba, na ile redio aliyokuwa ameirudisha Ashrafu nikaibeba.

Mama yangu alikuwa uani anachambua mchele wa harusi na jirani wawili. Nilimwomba tuingie ndani. Sikumwambia kitu, nilibonyeza tu. Nilitaka akasirike, aseme ni uongo wa waimbaji, aseme Sihaba huyo ni mwingine. Mimi namjua mama, akikataa jambo hata mkuu wa wilaya hambadilishi. Lakini lilipofika jina lake aliketi sakafuni, taratibu, na wimbo ulipoisha aliniambia niurudishe. Nikaurudisha. Akaniambia tena.

Nilikasirika. Nilimuuliza kama alijua.

Alisema alijua nusu. Alipotoka hospitali alinikuta mnene, na bibi akamwambia kuna mwanamke wa visiwani aliyekuja kulima mpunga bondeni, maji yakamkuta huko. Alininyonyesha pamoja na mwanawe siku zote walizokaa shuleni, karibu mwezi. Kisha boti ikaja ikawachukua watu wa delta. Bibi, katika zahama ile, hakuuliza jina wala kijiji.

"Nimemwombea kila Ijumaa," mama alisema. "Mie sikujua namwombea nani."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia hata siku moja. Alisema alikuwa akisubiri nichumbiwe, kwa kuwa ndipo jambo hilo lina kazi. Na mshenga alipokuja, alimuuliza jambo moja kabla ya mahari: kijana ni mtu wa wapi? Mshenga akajibu, wa Kibiti. Hakudanganya. Ashrafu amekulia Kibiti, kwa baba yake mdogo, na mshenga alimjulia hapo. Huyo mzee alidhani mama anaulizia uwezo, kama kijana ana kwake mjini au atanipeleka kukaa kwenye matope. Mama akashusha pumzi, kumbe si mtu wa visiwani, hakuuliza zaidi. Swali moja tu, likajibiwa kwa ukweli, na sisi wawili tukaangamia.

Nilicheka. Sijui kicheko kile kilitoka wapi, jirani walichungulia.

Sheikh alipoitwa hakukawia. Aliusikiliza wimbo, akamuuliza mama juu ya siku zile, akasema kama ingekuwa kunyonya mara moja mbili wanavyuoni wangekuwa na la kuzungumza, lakini kwa mwezi hakuna mazungumzo. Alisema Mwenyezi Mungu ametuepusha. Nilimwitikia kwa heshima. Moyoni sikujisikia mtu aliyeepushwa, nilijisikia mtu aliyegongwa na gari.

Jumanne jioni Ashrafu alikuja nyumbani kwetu. Sikuwa nimemwona tangu Jumamosi. Alipiga hodi mlangoni, akasimama kizingitini kama alivyozoea, kwa sababu mchumba haingii mpaka aitwe, na akiitwa haketi mpaka atokee mkubwa. Macho yake yalikuwa yamevimba, na kwa mara ya kwanza kucha zake zilikuwa safi. Alisema amefuata kaseti ya mama, kama nimemaliza.

Mama alimvuta ndani kwa mkono. Akamketisha kwenye mkeka, akamletea chai, akamwambia tangu leo asipige hodi tena, nyumba hii mama yake aliinunua kwa maziwa. Ashrafu akalia bila kujificha. Mama akalia naye. Mimi nilikuwa nimesimama na kaseti mkononi, na mtandio wangu umeniteleza mabegani wala sikuwa na habari. Nilipogundua niliushika haraka.

Mama alinitazama kwa upole ambao sijauzoea kwake.

"Acha, mwanangu," alisema. "Mbele ya kaka yako huna haja ya kujitanda."

Ashrafu aliinamisha kichwa. Nilimwekea kaseti kwenye mkeka, mbali na mkono wake, nikauvuta mtandio nikajitanda mpaka kwenye nyusi.